Enoka na Wadudu Waliolala

Enoka hakuwa mrefu wala mnene, lakini Mungu alipokuwa akigawa sauti, yaelekea mkono ulimteleza, akammwagia yeye fungu la ukoo mzima. Akipiga chafya, kuku walikimbilia uvunguni. Akimwamkia mtu njiani, mtu huyo aliitikia, kisha akageuka nyuma kuangalia ni nani anayegombezwa. Mkewe Marita, aliyezaliwa Msangano katika nyumba ya watu watulivu, alisimulia kwamba wiki ya kwanza ya ndoa alidhani ameolewa na mtu mwenye hasira. Baadaye akagundua kwamba ni mtu mpole tu, ila hajui kusema polepole.

Siku hizo Mwingereza alikuwa bado anatawala Tanganyika, na kanisa lao, karibu na Tunduma, lilikuwa la matofali mabichi na paa la nyasi. Halikuwa na kengele, wala hakuna aliyeiona haja. Kila Jumapili asubuhi Enoka alipanda juu ya kichuguu kando ya kanisa, akavuta pumzi mpaka vifungo vya shati vikalia, akaita, "Njooni! Njooni nyumbani mwa Bwana!" Wakaja wa bondeni, wakaja wa mlimani. Hata ng'ambo ya mpaka, upande wa Rhodesia ya Kaskazini, ndugu zao walisikia sauti hiyohiyo, wakavaa viatu, wakaenda kwenye kanisa lao wenyewe. Enoka aliziamsha nchi mbili kwa pumzi moja, na jambo hilo lilimfurahisha kuliko Mkristo anavyoruhusiwa kufurahi.

Mwaka mmoja, mvua zilipoanza, alirudi Yonasi, kaka yake Marita, aliyekuwa akifanya kazi kwenye migodi ya shaba huko Rhodesia. Alikuwa ameondoka na mashavu, akarudi na kikohozi. Alifikia kwa dada yake na shemeji yake, ambao binti yao Felista alikuwa ameshaolewa mbali, wakala naye chungu kimoja na kulala naye chini ya paa moja majuma kadhaa.

"Ni vumbi la mgodi tu, shemeji," Yonasi alisema kila alipomaliza kukohoa.

"Vumbi gani hilo lisilolowa!" alinguruma Enoka. "Mvua zimenyesha mpaka vyura wamechoka, nalo halijashuka?"

Siku Marita alipoona damu kwenye leso ya kaka yake, hakuuliza tena habari za vumbi. Alimpakia kwenye lori lililobeba magunia ya mahindi, akampeleka hospitali. Huko walipima makohozi yake, wakasema ni kifua kikuu, wakamlaza na kumwanzishia dawa.

Haukupita muda mrefu, akaja Bwana Andongwisye, mganga wa serikali, kwa baiskeli yake iliyofungwa sanduku nyuma. Alikuwa mtu wa Ileje, mwembamba, mwenye suruali fupi iliyopigwa pasi hata baada ya safari ya tope. Alisema amekuja kuwapima wote waliokaa na Yonasi.

"Lakini mimi siumwi!" Enoka alimwambia.

Bwana Andongwisye alirudi nyuma hatua moja, akasafisha sikio kwa kidole. "Naam, nasikia. Kifua kikuu kinaweza kuingia mwilini mwa mtu asijue. Hakohoi, hakondi, hana homa. Sasa sindano hii si dawa, ni swali. Nauuliza mwili wako: umewahi kukutana na wadudu wa kifua kikuu? Kama umekutana nao, utanijibu kwa kuvimba hapa kwenye mkono. Msipakune, msipake kitu. Jumatatu nitarudi kusoma jibu."

Akamchoma Enoka kidogo chini ya ngozi ya mkono, akamchoma Marita. Mzee wa kanisa Amoni, aliyekuwa akija kila mara kumwombea Yonasi, naye alikunja mkono wa shati akasema haiwezekani kijiji kipimwe na yeye aachwe. Amoni alikuwa mtu asiyekubali kupitwa. Kwenye kwaya aliimba sauti ya kwanza, tena kama mbuzi aliyefungiwa nje, na kwa miaka mingi alikuwa akikionea wivu kile kichuguu cha Enoka.

Kufikia Jumapili, mkono wa Marita ulikuwa laini vilevile. Wa Amoni nao haukuonyesha kitu. Lakini wa Enoka! Ulikuwa umetoa uvimbe mgumu, mwekundu, mzuri, kama mtu aliyefukia njugu mawe chini ya ngozi. Enoka alidhani ameshinda. Baada ya ibada alisimama mlangoni mwa kanisa, mkono juu.

"Tazameni! Mwili wangu umejibu! Mganga aliuliza, mwili ukajibu papo hapo! Shikeni, msiogope, shikeni!"

Watu wakapanga foleni, wakashika, wakatikisa vichwa kwa heshima. Amoni alishika mwisho. Alirudi nyumbani, akatafakari, kisha akaenda porini akachuma upupu.

Jumatatu Bwana Andongwisye aliporudi alimkuta Amoni ameketi juu ya kinu, akiwa na mkono uliovimba kutoka kiganjani mpaka kwapani, machozi yakimtoka, akijikuna kwa gunzi la mahindi.

"Mimi nimejibu zaidi," alisema Amoni kwa shida.

Mganga alipitisha kidole juu ya ngozi ile, akanusa. "Mzee wangu, mimi sitafuti wekundu wala mwasho. Natafuta ugumu. Na mwili wako umejibu, ni kweli, lakini ulichoulizwa ni upupu." Akampa dawa ya kupaka, akaendelea.

Mkono wa Marita aliutazama akasema haujaonyesha kitu, ila atampima tena baadaye, kwa kuwa miili mingine hukawia kujibu. Alipofika kwa Enoka alitoa rula ndogo, akaubonyeza uvimbe kingo zake, akaupima, akaupima tena. Enoka alikuwa amevuta kifua mbele kama mwanajeshi anayesubiri nishani.

"Enoka," alisema mganga, "una wadudu wa kifua kikuu mwilini."

Kifua kilirudi nyuma kama puto lililotobolewa.

"Nitakufa?"

"La. Wamelala. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi: mtu anavuta wadudu, mwili unapambana nao, nao wanalala humo kifuani miaka na miaka. Wakiwa wamelala huumwi, wala humwambukizi mtu. Kazi yetu ni kuwaua kabla hawajaamka, kwa sababu wakiamka..." Bwana Andongwisye alinyoosha kidole upande wa barabara alikopelekwa Yonasi, akanyamaza.

Kunyamaza kule ndiko kulikoleta balaa. Enoka aliinama, akakitazama kifua chake mwenyewe kama mtu anayechungulia pangoni mwa chui.

Alipelekwa hospitali akapigwa picha ya kifua, wakapima na makohozi, yote yakaonekana safi. Ugonjwa haukuwa umeanza. Akapewa chupa ya vidonge, akaambiwa ameze kila siku kwa miezi mingi, asiache hata akijiona mzima, na aachane na pombe. Akiona macho yanakuwa manjano, au chakula kinamshinda, au vidole vinakufa ganzi, asimeze tena mpaka amwone mganga. Kwa kila neno Enoka aliitikia kwa kichwa tu. Mganga alidhani ameelewa kupita kiasi.

Marita alikuwa anapepeta ulezi mumewe aliporudi. Hakumsikia. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alishtukia mumewe amesimama nyuma yake, na karibu atupe ungo.

"Mama Felista," Enoka alinong'ona.

"Nini? Wamekukata ulimi?"

"Shhh! Wamelala."

"Nani amelala mchana huu?"

Enoka alionyesha kifua chake kwa kidole kimoja.

Kuanzia siku hiyo nyumba ile ikawa kama nyumba yenye mtoto mchanga. Enoka alitembea kwa ncha za vidole. Mlango aliubeba akifungua ili usilie. Marita alikatazwa kutwanga karibu na mumewe. Kuku walianza kutembea kwa kiburi. Chafya ikimjia, Enoka alikimbia mpaka ghalani, akatumbukiza kichwa kwenye gunia la karanga, akapiga chafya humo, kisha akasimama kimya, mkono kifuani, akisikiliza kama kuna aliyejigeuza. Vidonge alimeza bila kukosa, lakini alivimeza kwa kuvizia: alifumba macho, akakiweka kidonge ulimini taratibu, akanywa maji kwa funda dogo, kama mtu anayemwingiza askari kwa mlango wa nyuma wezi wakiwa usingizini.

Marita, kusema kweli, mwanzoni alifurahi. Aligundua kwamba kuna ndege anayeimba kwenye mti wa nyuma ya nyumba. Aligundua kwamba anaweza kufikiri jambo kutoka mwanzo hadi mwisho. Hata kugombana kulikuwa kwepesi, kwa maana ni vigumu kumwogopa mtu anayekuambia kwa kunong'ona, "Mama Felista, leo umenikasirisha sana."

Shida ilianza shambani. Enoka alikuwa na maksai wawili wa kulimia, na mkubwa wao alimwita Bwana Shauri, kwa sababu hakuondoka mahali pake bila kupigiwa kelele. Siku ya kulima Enoka alisimama nyuma ya jembe, akanong'ona, "Nenda, Bwana Shauri. Twende, baba." Bwana Shauri aligeuza kichwa, akamtazama kwa mshangao, akalala chini. Enoka akamzunguka mpaka mbele, akapiga magoti, akamsihi sikioni. Maksai akamlamba uso. Mpaka jua linakwenda kichwani walikuwa wamelima mstari mmoja, na huo mmoja Marita ndiye aliyeulima kwa sauti yake.

Kanisani ndiko mambo yalikoharibika kabisa. Enoka aliomba apumzishwe kazi ya kichuguu, na Amoni, mkono ukiwa umepona, akapanda kabla ombi halijaisha. Akaita. Jumapili ya kwanza walikuja watu wachache, nao walikuja na kamba na mashoka, wakiuliza mbuzi amenasa wapi. Jumapili ya pili hawakuja kabisa. Ng'ambo ya mpaka watu walilala mpaka jua likawa juu, na mwinjilisti wao akatuma salamu kuuliza kama Tanganyika wameacha dini. Kwenye kwaya Enoka alifungua mdomo na kuufumba kama kambale aliyetolewa majini, na wimbo ukakaa hewani bila miguu.

Siku moja mchana Marita alisikia mtu akiimba chinichini nyuma ya ghala. Akachungulia. Enoka alikuwa ameketi juu ya gogo, amejikumbatia, akijibembeleza mbele na nyuma.

"Lala, lala, mdudu wangu," aliimba, "baba yuko hapa, lala..."

Marita alijiziba mdomo kwa khanga asicheke. Kisha, bila kujua kwa nini, machozi yakamlengalenga. Alimwona mumewe alivyo mdogo bila ile sauti yake, kama nyumba iliyoezuliwa paa. Akaenda akaketi naye kwenye gogo.

"Baba Felista, una hakika mganga alisema hivi?"

"Alisema wamelala. Alisema wakiamka..." Enoka akanyoosha kidole upande wa barabara, akanyamaza, vilevile kama alivyoonyeshwa.

"Akija tena nitamwuliza mwenyewe."

"Mwulize polepole," alinong'ona Enoka.

Mvua kubwa ikanyesha kabla mganga hajaja, mto ukafura, ukachukua mbao zote za daraja lililo chini ya shamba lao. Zikabaki nguzo mbili tu na maji ya rangi ya chai yakipita kwa kasi. Asubuhi yake, ilikuwa Jumatano, Enoka alikuwa anapalilia karanga karibu na hapo alipoona baiskeli juu ya kilima. Alikuwa Bwana Andongwisye, anapita kwenda ng'ambo ya mto kabla ya kuja kumpima Marita mara ya pili. Alikuwa ameinua miguu yote miwili kutoka kwenye pedali, sanduku likiruka nyuma, akiteremka kwa raha zake. Breki za baiskeli ile zilijulikana wilaya nzima: zilikuwa viatu vyake.

Njia ilipinda, majani yalikuwa marefu. Kutoka kule juu daraja halikuonekana.

Enoka alisimama. "Bwana mganga," alinong'ona. "Bwana mganga, simama."

Baiskeli ikazidi kasi. Enoka akatupa jembe, akapunga mikono yote miwili. Bwana Andongwisye alimwona, akafurahi kukaribishwa hivyo, akapunga naye, kwa hiyo sasa alishika usukani kwa mkono mmoja.

Enoka akarukaruka. Akaonyesha mto. Akajifanya mtu anayezama. Mganga akacheka akapiga kengele ya baiskeli.

Enoka aliutazama mto, akakitazama kifua chake. "Nisameheni," aliwaambia waliolala humo. Kisha akavuta pumzi.

"SIMAMAAA! DARAJA HAKUNAAA!"

Sauti ile ilikuwa imefungiwa majuma mengi, ikatoka na riba yake. Kunguru wote waliokuwa bondeni waliruka pamoja. Bwana Shauri, aliyekuwa amelala malishoni, alisimama akaanza kulima bila jembe. Bwana Andongwisye alishtuka, akageuza usukani ghafla, akaiacha njia, akakata shamba la ulezi la Amoni kutoka upande hadi upande, akatua kwenye tope la ukingoni, hatua chache kutoka majini. Gurudumu la mbele likaendelea kuzunguka peke yake.

Enoka hakwenda kumwinua. Alikuwa ameanguka magotini katikati ya karanga, ameshika kifua, analia. "Wameamka," alisema kwa sauti yake kamili, kwani sasa ya nini kunong'ona. "Wote wameamka! Mwiteni Marita nimuage!"

Hakukuwa na haja ya kumwita, Marita alikuwa anakimbia kuja. Bwana Andongwisye naye alitoka topeni, kiatu kimoja mguuni, kingine hakijulikani kilipo. Alidhani mtu ameumia. Alitoa chombo chake cha kusikilizia, akapangusa tope, akakiweka kifuani pa Enoka, akasikiliza mbele, akasikiliza nyuma.

"Sisikii kibaya. Unaumwa wapi?"

"Nimewaamsha kwa kelele, bwana mganga! Ulisema wamelala!"

Bwana Andongwisye alimtazama Enoka. Akamtazama Marita, naye Marita akamweleza yote: mlango, gunia la karanga, maksai, kwaya, mpaka wimbo wa nyuma ya ghala. Mganga alisikiliza bila kucheka mpaka kwenye wimbo. Hapo akaketi topeni tena kwa hiari yake, akacheka mpaka chombo cha kusikilizia kikamwanguka.

"Enoka, ndugu yangu," alisema alipopata pumzi, "wadudu hawana masikio. Hawaamshwi na kelele. Piga kelele, imba, piga chafya hadharani kama mwanamume, ila uzibe mdomo. Kinachowaamsha ni mwili kuishiwa nguvu: njaa, uzee, pombe nyingi, ugonjwa mwingine. Na vidonge je, ulimeza?"

"Kila siku. Kwa siri."

"Kwa siri au hadharani, tumboni ni kulekule. Basi wanakufa. Wewe maliza dawa tu."

"Kwa hiyo ningeweza kuimba siku zote hizi?"

"Siku zote hizi."

Enoka alihesabu majuma kwa vidole. Kisha akamgeukia mkewe. "NA WEWE ULINIACHA NIMSIHI MAKSAI KWA MAGOTI!"

Marita alifumba macho, khanga ikimpepea kichwani, akatabasamu kama mtu aliyerudishiwa mali yake.

Walipogeuka kurudi nyumbani waliona watu wanateremka kilimani, makundi kwa makundi, wamevaa nguo safi, Biblia mkononi. Walikuwa hawajasikia vizuri maneno, walisikia sauti tu, wakaamini ni Jumapili. Hata kutoka ng'ambo walionekana wengine wakivuka mpaka, kwa sababu mwinjilisti wao alikuwa safarini. Bwana Andongwisye aliona umati ule, akaona asiupoteze bure. Alisimama juu ya gogo na kiatu chake kimoja, akawafundisha habari za kifua kikuu mpaka wakaelewa, na Enoka aliyarudia maneno yake kwa walio mbali. Amoni peke yake hakusikiliza. Alikuwa anazunguka shambani mwake akitazama ulezi uliolala chini, akiuliza nani amepita humo.

Mkono wa Marita, ulipopimwa tena, ulikuwa laini vilevile. Enoka alimeza vidonge vyake miezi yote aliyoagizwa. Katikati hapo alichoka, akadai yeye ni mzima na chupa ni ya wagonjwa, lakini Marita alimwekea kidonge juu ya tonge la kwanza kila siku, na hakumpa mboga mpaka akimeze. Yonasi alitoka hospitali amenenepa, makohozi safi, akiwapokea watu kwa "mukwai" yake, neno la heshima la Rhodesia, na kula kama mtu aliyeahidiwa kwamba chakula kinakwisha kesho.

Bwana Andongwisye yeye aliapa hatatumia tena neno "kulala". Alipofika Chitete na kumpata bibi mmoja, Roda, mwenye mkono uliojibu, alichagua maneno yake kwa uangalifu mkubwa. "Mama," alimwambia, "una wadudu kifuani, lakini wamefungiwa."

Bibi Roda aliinama karibu na sikio lake.

"Na ufunguo," aliuliza, "anao nani?"